Pete Saba za Marubani wa Simi-Simi

Sehemu ya tisa

“Feruzi aitwe hapa. Sasa hivi.”

Ndipo tulipomwacha maskini Feruzi juma lililopita, nyuma ya mlango wa chumba cha vyombo, bakuli kubwa la supu iliyobaki mikononi, na supu inatetemeka kuliko yeye. Wiki nzima amesimama pale akitungoja. Supu imepoa. Tumtoe, wanangu.

Na wewe ambaye gazeti la juma lililopita jirani alikufungia makayabu, samaki wa chumvi, kabla hujasoma, nakuhurumia, nakupa kwa kifupi.

Ni mwaka wa hamsini na saba, Kisangani yetu, ambayo wazungu wanaiita Stanleyville. Kando ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi kuna nyumba wanamokula na kulala marubani saba wa Kibelgiji. Feruzi, mtu wa Maniema, Mwislamu wa miaka arobaini na nane, anawaandalia meza mwaka wa kumi na moja sasa. Nyuma ya nyumba ile kuna vyumba vya matofali vya wafanyakazi, na kimoja ni chake, yeye na Mwamini mkewe na watoto wanne.

Sasa marubani wameingiwa na moto. Wanataka kuvunja syndicat yao, yaani chama kinachowatetea kwa kampuni, kwa sababu wakubwa wake wanakaa Brussels, na hakuna mbu aliyewahi kuwauma. Wanataka kuunda chama kipya, cha hapa hapa. Na dai la kwanza la chama hicho kipya, kabla ya mengine yote, ni hili: nyumba ya Simi-Simi ifungwe, kila rubani apewe villa mjini.

Nyumba ikifungwa, hakuna meza ya kuandaa. Na asiye na kazi hana chumba nyuma ya nyumba. Feruzi hakujali chama gani kiangushe kipi. Alijali paa lake.

Mchana ule walipiga kura. Karatasi walikataa, kwa maana kila rubani anajua mwandiko wa mwenzake kutoka kitabu cha safari. Basi kijana wao Jacques akatoa shauri la serviette. Mnajua kwamba mezani pale kila mtu ana kitambaa chake cha kujifutia mdomo, na baada ya kula kitambaa hukunjwa kikaingizwa katika pete ya pembe. Jacques akasema: anayetaka chama cha zamani aweke serviette yake kikapuni ikiwa ndani ya pete, anayetaka kipya atupe serviette bila pete, na pete pembeni. Vitambaa vyote vyeupe, pete zote sawa, hakuna jina. Siri kamili.

Wakapiga kura, wakaenda barazani kunywa kahawa kwanza, kwa maana mtu mwenye cheo hahesabu kura kabla ya kahawa. Waliporudi, serviette saba zilikuwa ndani ya pete saba.

Saba kati ya saba kwa chama cha zamani! Na watano walikuwa wameapa mbele ya wote kwamba wanataka kipya. Walishikana makosi ya mashati, wakaitana msaliti, mpaka mmoja akakumbuka kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mwingine mwenye mikono.

Hapo ndipo walipomwita Feruzi.

Kabla hajasukuma mlango, Octave mpishi akamshika mkono wa koti. Octave alikuwa mtu wa mtoni, mnene, na alikuwa amesikia yote kupitia tundu la kupitishia sahani.

“Papa Feruzi. Wakikuuliza ngapi zilikuwa bila pete, sema tatu.”

“Zilikuwa ine.” Yaani nne.

“Mi najua zilikuwa ine, uliniambia. Mi nakuambia useme tatu. Tatu kwa mupya, ine kwa ya zamani, nyumba inabakia. Mafiga iko tatu, na chungu haianguke.”

“Chungu ya uongo inaiva mbio, Octave. Nani atakula?”

“Mimi,” akasema Octave. “Na bibi yangu. Na watoto sita. Enda.”

Feruzi akaweka bakuli chini, akajifuta mikono, akaingia.

Marubani saba wamesimama kuzunguka meza, na katikati ya meza kikapu, kama maiti inayongoja kuliliwa. Nawategea kidogo hapo: ni nani anayeuona mlima wa Ruwenzori akiwa angali mbali mwendo wa siku tano, lakini hamwoni mtu anayemwekea kijiko chini ya pua? Msijisumbue, mmeshamwona. Miaka kumi na moja walikuwa wanasema siri zao zote mbele ya Feruzi kama wanavyosema mbele ya kabati. Leo kabati limeitwa kutoa ushahidi.

Commandant Édouard ndiye aliyeuliza. Huyu alikuwa mkubwa wao kwa umri, na mjumbe wa chama cha zamani kwa miaka kumi na minne. Jikoni walimwita Bwana Masharubu, kwa sababu ya masharubu aliyoyapaka nta nyeusi mpaka yakasimama kama pembe za mbuzi. Aliuliza kwa Kiswahili kile cha amri, kisicho na tafadhali ndani yake: nani amegusa kikapu?

“Ni mimi, Commandant,” akasema Feruzi. “Kila siku mukimaliza kula, mi nakunja serviette, nazirudisha ndani ya pete. Niliona ingine iko nje. Nikarudisha.”

“Nani alikutuma?”

“Hakuna mutu. Ni kazi.”

Wanaume saba waliokuwa karibu kutoana meno wakagundua kwamba msaliti wao hakuwa mtu. Alikuwa mazoea ya mikono miwili.

Sasa wakageuza vita. Émile, kiongozi wa chama kipya, mtu mwembamba aliyeandika malalamiko hata wakati wa kula samaki, akasema kura imekufa, irudiwe. Jikoni huyu alikuwa Bwana Wino. Édouard akasema kura ni kura, serviette ziko ndani ya pete, kila mwenye macho anaona. Mwingine akataja kifungu cha katiba ya chama. Mwingine akasema kifungu hicho kinahusu karatasi, si vitambaa. Walibishana robo saa nzima kama kura iliyokunjwa na mtumishi ni kura ya aliyeipiga au ya aliyeikunja, na hawa, kumbukeni, ndio watu ambao abiria wanafunga macho na kuwaachia roho zao.

Jacques ndiye aliyewakata. Huyu Jacques alikuwa na moyo mzuri na akili ya moja kwa moja, ubaya wake ni huo tu. Akamgeukia Feruzi akamwuliza polepole, kama mtu anayemwuliza mtu:

“Ulipokunja, ngapi zilikuwa nje ya pete?”

Feruzi akaona chumba chake. Akamwona Mwamini anafagia kizingiti. Akaona mafiga matatu ya Octave. Tatu ni neno dogo, haliumi ulimi. Akafungua mdomo kusema tatu.

“Ine,” mdomo ukasema.

Mnashangaa? Mimi sishangai. Mtu aliyehesabu vijiko vya watu wengine miaka kumi na moja, asubuhi na mchana na jioni, na akajua kwamba kijiko kimoja kikikosa ni yeye anayeitwa mwizi, mtu huyo hawezi tena kukosea hesabu hata akitaka. Mikono ilikuwa imezoea, na ulimi pia.

Nyuma ya mlango ikasikika sauti ya mpishi anayekaa juu ya gunia la viazi bila nguvu.

Nne kwa tatu. Chama kipya kimeshinda. Nyumba imefungwa. Na ajabu, kwa kuwa Feruzi alikuwa mtu wa kuona vitu vidogo, hata wakati huo aliona vitu viwili vidogo.

Cha kwanza: Commandant Édouard, aliyeshindwa, masharubu yake yalipanda juu kwa furaha, kisha yakakumbuka na kushuka.

Cha pili: Émile, aliyeshinda, alipiga kelele za ushindi kwa mdomo wote, akakumbatia wawili, akapiga meza, lakini macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyesahau sufuria motoni.

Feruzi hakushangaa. Alijua sababu. Alikuwa amezikunja serviette zile kwa mikono yake.

Labda mambo yangeishia hapo, na hadithi yetu ingekuwa fupi, na Feruzi angekuwa anafunga virago. Lakini Jacques alikuwa anahesabu vidole.

“Ngoja,” akasema. “Sisi tulioapa tulikuwa watano. Kura ni nne. Bon. Nani kati yetu alirudi nyuma?”

Hapo Émile ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. Msaliti atafutwe, akasema. Msaliti afukuzwe mezani. Yeye Émile hawezi kula mkate mmoja na mtu mwenye nyuso mbili. Alisema kwa ujasiri mkubwa, na ujasiri wake ulikuwa na maana: vitambaa vyote ni vyeupe, pete zote ni za pembe, na hakuna Mungu wala Mbelgiji anayeweza kujua kipi kilikuwa cha nani.

Jacques akakitazama kikapu. Kisha akamtazama Feruzi. Kisha kikapu tena.

“Feruzi,” akasema, “kila asubuhi unaniwekea serviette yangu. Hujawahi kunipa ya mwingine. Hakuna jina, hakuna alama. Unajuaje?”

Feruzi alitazama chini, si kwa woga, ni kwa aibu ile ya mtu anayelazimishwa kusema jambo la ndani ya nyumba ya watu.

“Kila mutu na uchafu yake, Bwana Jacques,” akasema.

Akaulizwa maana yake, akaeleza kwa adabu. Ya Bwana Jacques ina jamu nyekundu kila siku ya Mungu, hata Léon dobi amechoka nayo. Ya Commandant Édouard ina nta nyeusi ya masharubu, haitoki kwa sabuni wala kwa majivu. Ya Bwana Émile ina wino. Wengine hivyo hivyo, kila mmoja na yake. Hata gizani Feruzi angezigawa kwa kunusa.

Ndiyo kusema Feruzi alijua. Si ngapi tu. Alijua za nani.

Sasa nawaambia nyinyi, kwa kuwa ninyi si marubani na hamtanipeleka kwa polisi. Wino ulikuwa ndani ya pete. Ndiyo, Émile mwenyewe, baba wa chama kipya, alipigia kura chama cha zamani, kwa sababu kampuni ilimnong’oneza kwamba chama cha zamani kikibaki na usingizi wake, yeye atakuwa mkubwa wa marubani wote wa mashariki. Na nta nyeusi ilikuwa nje ya pete. Ndiyo, Édouard, mlinzi wa chama cha zamani, alikipiga teke, kwa sababu mkewe Micheline alimwandikia kutoka Ubelgiji kwamba ama villa mjini, ama atafute mke mwingine wa kukaa naye kati ya matangi ya mafuta. Na wale wanne wengine kila mmoja alikuwa ameahidi pande zote mbili, akakunja au akatupa kwa kadiri tumbo lilivyomtuma siku ile. Jacques peke yake alifanya alichosema.

Kilichofuata nakwambieni hakijawahi kuonekana Simi-Simi.

Viti viwili vilivutwa kwa wakati mmoja, kimoja na Édouard, kimoja na Émile. Kila mmoja alitaka Feruzi akae kwenye chake. Feruzi akasema anashukuru, atasimama. Wakamshika mabega, huyu huku, huyu kule, wakamkalisha kwa nguvu kama mgonjwa. Mmoja wa wale wanne akamletea kahawa kwa mkono wake mwenyewe, akamwaga nusu njiani, kwa maana hakuwa amewahi kubeba kikombe kilichojaa. Mwingine akamwuliza kama jua linamwumiza, akafunga dirisha.

Feruzi alikaa. Miaka kumi na moja hajawahi kuketi pale. Kitu cha kwanza alichoona ni kwamba mguu wa meza upande ule umeliwa na mchwa. Akajisemea kesho atampigia dawa, kisha akakumbuka kwamba huenda hakuna kesho.

Édouard akainama sikio la kulia, akanong’ona kwa Kiswahili ambacho ghafla kilikuwa na tafadhali tatu. Kwamba mwanamume huwa na mambo na mke wake. Kwamba Feruzi naye ana mke, anaelewa. Émile akainama sikio la kushoto, akamwita “rafiki”. Feruzi akafikiri kwanza anaongea na mtu aliye nyuma yake.

“Mi sitasema ya mutu,” akasema Feruzi mwisho, kwa sauti ya kawaida, na wote saba wakapumua. “Sijauliza serviette ya mutu hata siku moja. Mi nauliza kitu moja tu. Hii nyumba, mutafunga?”

Hapana, akasema Édouard. Haifungwi kabisa, akasema Émile, nani alisema ifungwe? Wale wanne wakasema hawajui hata wazo lile lilitoka wapi. Dakika tano kabla walikuwa wanagawana villa kwa kuchagua bustani.

Feruzi hakuamini. Alikuwa amesikia ahadi zao nyingi mezani pale, zikitolewa na supu na kurudishwa na jibini. Octave, kupitia tundu la sahani, alikuwa anamfanyia ishara kwa mkono kama mtu anayeandika: karatasi, waandike karatasi.

Kabla hajasema neno la karatasi, vichwa saba vikainuka pamoja.

Injini. Mimi na wewe tungesema ni ndege tu, lakini marubani huijua ndege kwa kikohozi chake kama mama anavyomjua mtoto. Ile si ya leo, akasema Édouard. Ile ni ya Léopoldville. Jacques akakimbilia barazani, akarudi hana rangi.

Mkurugenzi mpya wa kampuni. Alikuwa afike Jumatatu, asikilize chama ambacho marubani wamekichagua. Leo ni Jumamosi. Na ndege iliyomleta imeshagusa ardhi.

Nawachorea picha, kwa maana hapa picha ndiyo yenye kosa. Mkurugenzi huyu alikuwa na majuma matatu tu Kongo. Pua yake bado ilikuwa inachubuka kwa jua. Walipomtuma kutoka Brussels walimwambia: bwana, nyakati zinageuka kule, kuna sheria mpya za vyama, utaona mambo usiyoyazoea, usishangae mbele ya watu, utajiaibisha. Akaapa hatashangaa. Alishika kiapo kile kama mtoto anavyoshika sarafu ya sadaka.

Akafungua mlango. Akaona nini? Wanaume wanane wenye makoti meupe ya vifungo vya shaba, kwa maana kampuni ilimvisha rubani na mwandaa meza kutoka kitambaa kimoja. Saba wamesimama, mikono mbele, vichwa vimeinama kidogo. Mmoja ameketi, anakunywa kahawa.

Kila aliyewahi kuingia ofisini anajua mkubwa ni yupi.

Mkurugenzi alimeza mate. Hakushangaa. Aliwasalimu wote, akaomba radhi kwa kuja mapema, akauliza kwa Kifaransa kizuri:

“Nani kati yenu ni mjumbe wa chama?”

Swali jepesi, siyo? Édouard amekuwa mjumbe miaka kumi na minne. Lakini Édouard aliwaza: nikisema mimi, Émile atasema chama changu kimeangushwa, na atauliza kwa kura za nani, na Feruzi yupo. Émile naye aliwaza: nikisema mimi, Édouard atauliza hivyo hivyo. Wale wanne waliwaza kila mmoja siri yake. Jacques alifungua mdomo, mwenzake akamkanyaga mguu.

Édouard ndiye aliyeinua kidole kwanza. Akakielekeza kwa Feruzi.

Kidole cha Émile kikafuata mbio, kisichelewe. Kisha cha tatu, cha nne, mpaka vidole sita, na cha Jacques mwisho, kwa maumivu ya mguu.

Wanaume saba wanaopasua mawingu. Walikimbia swali moja wakajificha nyuma ya mtu waliyemzuia hata kuingia kwa mlango wa mbele.

Feruzi aliinuka kwa mazoea, kumpisha mzungu kiti. Mkurugenzi akamwomba aketi, akavuta kiti kingine, akaketi mbele yake. Akatoa karatasi mkobani. Akasema ana furaha, na ana haraka. Ana barua ya marubani hapa, yenye dai la kwanza, kwamba nyumba hii ifungwe. Je, huo bado ndio msimamo wa chama?

Nani aliwaambia Feruzi hajui Kifaransa? Miaka kumi na moja ya kusimama nyuma ya viti vya wanaobishana ni chuo kikubwa.

“Hapana, Monsieur le Directeur,” akasema. “Nyumba inabaki.”

“Na wanaoitumikia?”

“Wanabaki na nyumba.”

Mkurugenzi akawatazama wale saba. Kuna anayepinga? Hakuna hata mmoja aliyesogeza kope. Akaandika. Feruzi aliona kalamu inatembea, aliona neno nyumba na neno inabaki vinakaa juu ya karatasi ya kampuni, na moyo wake ukapiga kama ngoma ya arusi. Akataka kuinuka aende zake kabla mambo hayajaharibika.

Lakini mkurugenzi akageuza karatasi upande wa pili, akamsukumia pamoja na kalamu.

Kwa mujibu wa sheria mpya, akasema, mjumbe aandike hapa majina ya wanachama wake. Majina tu. Atakayeandikwa hapa, kampuni haiwezi kumwondoa kazini wala katika makao yake bila kukaa na chama kwanza. Ni ulinzi mkubwa. Achukue muda wake.

Feruzi akashika kalamu. Hii haikuwa ahadi ya mezani. Akawatazama marubani. Aanze na nani? Akimtanguliza Wino, ni chama gani hicho? Akimtanguliza Masharubu, ni kipi? Wao wenyewe hawakujua wamo katika chama kipi, na kila mmoja alimtazama kwa macho ya kuomba asitajwe karibu na mwingine.

Wanachama wake. Akalirudia neno lile kichwani. Ni nani basi waliokuwa katika chama kimoja naye? Nani angelala nje kama paa hili lingeanguka?

Akaandika. Aliandika polepole, mwandiko wa shule ya misheni, kwa maana hata kwa Mwislamu shule nyingine haikuwepo, herufi mviringo kama mayai. Jina la kwanza, la pili, la tatu, la nne. La tano lilikuwa lake. Édouard, aliyekuwa nyuma yake na macho ya rubani, akasoma juu ya bega lake. Masharubu yake yote mawili yakaanguka, na midomo ikafunguka kupinga. Feruzi hakugeuka. Alinyoosha mkono tu, akavuta kikapu cha serviette karibu na kikombe chake, kama mtu anayepanga meza.

Midomo ikafungwa.

Jina la mpishi, jina la dobi, la Timothée wa bustani, la Kasongo zamu, mlinzi wa lango, na la Feruzi. Hakuna rubani hata mmoja.

Mkurugenzi akavaa miwani. Akasoma orodha kuanzia juu mpaka chini, akaridhika na mwandiko, akapiga muhuri. Pa! Kisha akaweka kidole juu ya jina la kwanza, akamtazama Feruzi kwa heshima ya mtu aliyeapa kutoshangaa kamwe.

“Octave,” akasema. “Huyu ndiye wa kwanza katika orodha, kwa hiyo ndiye mwenye ujuzi kuliko wote. Kesho saa kumi na mbili asubuhi ninakwenda Bukavu. Nataka yeye ndiye aniendeshee ndege.”

Nyuma ya mlango wa chumba cha vyombo, kifuniko cha sufuria kilianguka, kikazunguka sakafuni, kikazunguka, kikakataa kunyamaza.